Sauti Iliyochezwa Kyavinyonge

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Beni. Tarehe 9 Aprili 2024.
Mbele ya Kasika, afisa wa upelelezi (OPJ).
Kuhusu kifo cha mvuvi Syauswa Mathe na kuumia kwa binti yake Bénite, katika ziwa Edouard, Kyavinyonge.

Jina langu ni Kanyere Kahongya Rébecca. Nina umri wa miaka thelathini na tatu. Ni fundi wa sauti. Naishi Butembo, komini ya Mususa, na ni Mprotestanti. Nimeapa kusema kweli. Nimeomba maelezo haya yaandikwe kwa Kiswahili, na maneno ya watu yaachwe kama yalivyotoka kinywani mwao.

Kwanza naomba iandikwe kwamba leo si mara yangu ya kwanza kuja hapa. Mara ya kwanza niliambiwa afisa mwenye dosye, yaani jalada la kesi, amesafiri. Mara ya pili niliambiwa hakuna karatasi, nirudi juma linalofuata. Kutoka Butembo hadi hapa Beni ni safari, na barabara yetu inajulikana. Aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, Bwana Phinées, yeye aliandikwa siku ileile aliyofika. Kwa hiyo maelezo yake yamelala ndani ya dosye hii karibu mwezi mzima bila mtu wa kuyajibu.

Nilianza kazi ya sauti nikirekodi kwaya za makanisa ya Butembo. Baadaye nilisoma biolojia. Miaka miwili iliyopita Bwana Phinées aliniajiri katika mradi anaouongoza, ambao ofisi yake iko Butembo. Kazi ya mradi ni kurekodi viboko wa ziwa Edouard ili kujua makundi yao, wapi wanazaa, na kama watoto wao wanaongezeka. Wakati wa vita vya zamani viboko waliuawa wengi sana. Waliobaki wanarudi polepole, na Kyavinyonge wana sehemu yao, kando ya matete, ambako mama mwenye mimba hujitenga na wenzake na kuzaa katika maji ya kina kifupi.

Nilikuwa nazamisha mikro moja, yaani chombo cha kunasa sauti, ndani ya maji na kuweka nyingine juu ya mti, halafu nasikiliza kwa vifaa vya masikioni. Kiboko ana sauti nyingi. Mtoto anapiga kelele ndogo chini ya maji, kama mlango unaohitaji mafuta. Dume ana mlio mrefu unaotoka puani, kisha vishindo vifupi vifupi kama mzee anayecheka. Kundi linaijua sauti ya dume wake. Likisikia sauti ya dume jirani, linajibu tu. Likisikia ya dume wa mbali asiyejulikana, mambo yanabadilika: dume wa hapo anatoka kumtafuta mgeni. Bwana Phinées anajua haya vizuri kama mimi. Ni yeye aliyetufundisha kwamba mahali penye watoto wachanga hatuchezi sauti yoyote. Tunasikiliza tu. Hiyo ilikuwa kanuni yake mwenyewe.

Marehemu Syauswa nilimfahamu tangu juma langu la kwanza kule. Alikuwa mvuvi wa tilapia, mtu wa kimo kifupi, mwenye mzaha. Aliniita mama wa mikro, na jina hilo likashika kijiji kizima. Alikuwa akivua na binti yake Bénite, mwenye miaka kumi na tisa, kwa sababu kaka yake Bénite alihamia Kamango kulima. Jioni Syauswa alikuwa anapita kwangu na kuniuliza: "Mama wa mikro, kesho balala wapi, bale bajirani yako?" Nami nilimwambia viboko watalala wapi. Nikisema njia ya matete haifai, hakupita hapo. Nikisema ni salama, alipita. Wavuvi wengine walianza kumfuata yeye. Katika miaka hiyo miwili hakuna mtumbwi hata mmoja wa Kyavinyonge uliogongwa na kiboko. Nasema hili si kwa kujisifu. Nataka afisa aelewe kwa nini alikuwa pale alipokuwa.

Mnamo tarehe 12 Machi 2024, jioni, Bwana Phinées alifika kwa gari kutoka Butembo pamoja na mgeni wa wafadhili aliyetoka Kinshasa, Bwana Ariel. Katika gari walikuwa na bafle, ile spika kubwa ya kuchaji inayotumika kwenye mikutano ya injili. Nilimuuliza Bwana Phinées bafle ni ya nini. Akajibu kwamba ni ya kumsikilizisha mgeni rekodi zetu nyumbani, baada ya chakula. Sikuona ubaya.

Jioni ileile Syauswa alipita kama kawaida. Nilimwambia kwamba kundi limelala kwenye kisiwa cha mchanga, kuna mama wawili wenye watoto wachanga, wametulia, na njia kati ya mchanga na matete iko wazi, mradi wapite polepole bila kelele. Alisema, "Wasingya, mama," ndiyo kusema asante kwa Kinande, akaenda. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho.

Mnamo tarehe 13 Machi, asubuhi, jua likiwa limeshatoka, tulikwenda ufukweni watu wanne: mimi, Bwana Phinées, Bwana Ariel, na Josaphat, ambaye ni mwendesha mtumbwi wa mradi. Josaphat alibeba bafle. Viboko walikuwa wamelala juu ya mchanga, wamelaliana kama magunia. Bwana Ariel aliangalia kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha shida kwamba ametoka mbali na wanyama hawafanyi kitu.

Bwana Phinées akaniambia, "Kanyere, tia ile sauti ya Lunyasenge. Kidogo tu."

Sauti ya Lunyasenge ni ya dume mmoja mkubwa niliyemrekodi mwaka jana huko, mbali kusini kando ya ziwa. Kundi la Kyavinyonge halimjui kabisa.

Nilimjibu, "Hapana, chef. Hapa kuko bamama na batoto. Batawaza kama dume ingine imeingia kwabo."

Akasema, "Unafikiri miye sijui? Basi njo vile bataamuka, mugeni abaone."

Nilimwambia tena hapana. Nilimwambia kwamba saa hizi ndizo wavuvi wanarudi na njia yao ni ileile iliyo mbele yetu. Bwana Phinées alicheka kidogo, akamgeukia mgeni na kusema neno kwa Kifaransa kuhusu mafundi wenye vichwa vigumu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida, "Basi, haina shida. Enda utoe mikro mu maji, turudi."

Nilifurahi. Nilidhani amenisikia. Niliacha mashine ya kurekodi juu ya sanduku lake, nikavua viatu na kuingia matete kutoa mikro. Nilikuwa nimeshika waya mkononi, maji yakinifika magotini, niliposikia dume wa Lunyasenge nyuma yangu.

Kwa nguvu ya bafle ile, sauti ilikuwa kubwa kuliko ya mnyama mwenyewe. Niligeuka. Bwana Phinées alikuwa ameinama juu ya mashine yangu. Waya wa bafle ulikuwa umechomekwa pale ambapo huwa kuna vifaa vyangu vya masikioni. Bwana Ariel alikuwa ameinua simu yake apige picha. Josaphat alikuwa amesimama karibu nao, ametazama chini.

Niliangalia mchanga. Mama wawili walikuwa wamesimama mbele ya watoto wao. Dume wa hapo alikuwa tayari ameingia majini.

Na katika njia, kati ya mchanga na matete, niliuona mtumbwi wa Syauswa. Baba alikuwa nyuma na kasia, binti mbele na nyavu.

Nilifungua kitenge nilichojifunga, nikakipunga juu ya kichwa. Nilipiga kelele, "Rudi! Rudi nyuma!" Mimi mwenyewe sikujisikia, kwa sababu ya bafle. Nilikimbia ndani ya maji hadi yakanifika kiunoni. Nilimwona Syauswa akiinua mkono. Kisha mtumbwi ukageuka ukaja upande wangu. Sikuelewa.

Dume alikuja chini ya maji. Alikuwa anaitafuta sauti iliyokuwa ufukweni, na mtumbwi ulikuwa katikati. Uliinuka mzima, ukavunjika. Nilimwona Bénite akirushwa upande wa matete. Syauswa sikumwona akianguka. Niliona maji tu, na rangi ya maji.

Josaphat alikuja mbio. Mimi na yeye tulimvuta Bénite hadi nchi kavu. Mkono wake wa kuume ulikuwa umevunjika mahali pawili na paja lilikuwa limepasuka. Alikuwa anaita baba yake. Na muda huo wote sauti ilikuwa bado inacheza. Watu wawili wazima walikuwa wamesimama kando ya mashine, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Nilimwacha Bénite mikononi mwa Josaphat, nikapanda mbio, nikaizima mimi.

Hapo ndipo watu walipofika kutoka soko la samaki. Walinikuta mkono wangu uko juu ya mashine.

Mwanamke mmoja alisema, "Njo huyu. Njo mama wa mikro. Njo anaita biboko." Mwingine alisema walikuwa wanajua siku nyingi kwamba ile mashine inaita. Nilisema si mimi. Niligeuka kumtafuta Bwana Phinées athibitishe. Alikuwa anamsindikiza mgeni garini. Nilimwita kwa jina. Alifunga mlango. Gari lilipanda barabara ya Kyondo na mimi nikabaki pale nimelowa, bila viatu, kati ya watu wanaolia.

Mzee mmoja wa shirika la wavuvi alinichukua na kunifungia katika chumba chao cha nyavu. Alisema, "Baki humu, mama, hasira ipite." Alinitendea wema. Lakini kutoka ndani ya chumba kile niliwasikia walipoupata mwili, na sikuweza kutoka kuwasaidia wala kulia nao.

Mnamo tarehe 15 Machi watu wenye bunduki walikuja wakampiga risasi dume yule. Nyama iligawanywa ufukweni. Sijui waliagizwa na nani, na sina haki ya kuwalaumu wenye msiba. Ninalosema ni kwamba kundi liliondoka pale na watoto wake wachanga, na wale waliokuwa wakitaka kuniua walianza kuniuliza sasa wapite njia gani. Sijui limekwenda wapi.

Niliporudi Butembo, Bwana Phinées alinipigia simu. Alisema, "Utasema ilikuwa panne technique. Mashine ilijicheza yenyewe."

Nikamwambia, "Mashine haijichezi, chef."

Akasema, "Basi itabaki kwako." Akakata.

Kutoka siku hiyo sina kazi. Nilipofika hapa mara ya kwanza ndipo nilipoambiwa kwamba katika maelezo yake amesema mimi ndiye niliyecheza sauti, nikitaka kumfurahisha mgeni, na kwamba yeye alinikataza. Yaani maneno yangu ameyavaa yeye, na kosa lake amenivika mimi. Amesema pia kwamba marehemu alikuwa mlevi, na alikuwa anavua mahali palipokatazwa. Bwana Ariel amerudi Kinshasa. Nimempigia simu mara nyingi, haipatikani.

Kila mtu ananiuliza swali moja. Mume wangu ameniuliza, mchungaji ameniuliza, na afisa ameniuliza leo kabla sijakaa: "Si weye ni mutu wa kurekodi? Rekodi iko wapi?" Najibu kwa mara ya mwisho na naomba iandikwe. Mashine ile inafanya kazi moja kwa wakati. Ikicheza, hairekodi. Na mikro ilikuwa mkononi mwangu, imetolewa majini kwa amri yake. Nimerekodi ziwa lile kwa miaka miwili, nina sauti za usiku na mchana, za mvua, za ndege, za watoto wa kiboko wakinyonya. Za dakika zile sina kitu. Nina kinywa changu tu.

Mnamo tarehe 22 Machi nilikwenda kumwona Bénite katika hospitali hapa Beni, alikohamishiwa. Niliogopa kuingia. Nilidhani atanifukuza. Shangazi yake alitaka kunifukuza kweli, lakini Bénite alisema niachwe.

Alikuwa amelala, mkono umefungwa hadi begani. Nilimwambia, "Pole, binti yangu. Haikukuwa miye."

Akasema, "Najua, mama. Nilikuona mu maji. Ile kelele ilikuwa inatoka nyuma yako."

Yeye akaendelea, polepole. "Papa alikuona pia. Ulikuwa unapunga kitenge. Akawaza unatuita, unataka samaki ya kula na bageni. Akaniambia, twende, mama wa mikro anatuita. Njo akageuza mutumbwi."

Afisa alipoandika maneno haya aliandika kwamba mimi nilipunga kitenge kuwaita. Nimemwomba afute. Nilipunga kuwazuia. Walichoelewa wao ni kitu kingine. Afisa ameniambia kwamba kwa upande wangu ingekuwa heri kutosema habari hii kabisa, kwa kuwa Bwana Phinées ataishika na kusema, mnaona, ni yeye aliyewaita. Najua ataishika. Lakini nimekuja hapa kwa sababu mtu mmoja ameficha alichokifanya, na siwezi kupambana naye kwa kuficha pia. Iandikwe kama ilivyokuwa.

Nilimuuliza Bénite kama atakubali kusema haya mbele ya polisi. Alisema atasema akiweza kutembea. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: kama ni kweli wameandika kwamba baba yake alikuwa mlevi. Nikamwambia ni kweli wameandika. Aligeuza uso ukutani. Shangazi yake akanionyesha mlango, na safari hii nilitoka.

Syauswa hakunywa. Alikuwa shemasi wa kanisa la kwao. Njia aliyopita haijakatazwa, ndiyo njia ya wavuvi wote, na alipita kwa sababu mimi nilimwambia iko salama. Nami nilimwambia kweli. Asubuhi ile njia ilikuwa salama hadi Bwana Phinées alipobonyeza.

Mtu wa nne aliyekuwa ufukweni ni Josaphat. Mnamo tarehe 30 Machi nilishuka tena Kyavinyonge kumtafuta. Nilimkuta nyumbani kwake akitengeneza moteri ya mtumbwi. Hakuniangalia. Alisema, "Mama Kanyere, miye niko na batoto tano. Chef bado ananipatia kazi. Sikuona kitu."

Nikamwambia, "Josaphat, ulibeba bafle kwa bega yako."

Akasema, "Njo maana sikuona kitu."

Mke wake alinipa maji, nikanywa, nikaondoka. Sina chuki naye. Alimbeba Bénite mgongoni hadi kituo cha afya siku ile. Lakini nimechoka. Mwenye gari anasikilizwa, mwenye kweli anaambiwa arudi juma linalofuata.

Siombi chochote kwa ajili yangu. Kama ni kazi, nitarudi kurekodi kwaya. Naomba Bwana Phinées aitwe na tuwekwe uso kwa uso. Na naomba lile neno kwamba Syauswa Mathe alikuwa mlevi litolewe katika dosye hii, kwa sababu mkewe na watoto wake watabaki kuishi Kyavinyonge nalo.

Nimesema niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu, wala sikutumwa na mtu. Haya ndiyo maelezo yangu, na ndiyo nitakayoyarudia popote nitakapoitwa.

(Sahihi) Kanyere Kahongya Rébecca

MANENO YA AFISA

Maelezo haya nimemsomea shahidi kwa Kiswahili, akayakubali. Palipofutwa neno "kuwaita" na kuandikwa "kuwazuia", sote wawili tumetia sahihi pembeni. Bwana Phinées ameitwa kwa simu mbele ya shahidi. Amejibu kwamba yuko katika mkutano na atafika akipata nafasi. Nimemwandikia convocation, hati ya kumwita, ya kufika tarehe 12 mwezi huu bila kukosa.

Shahidi alipotoka aliondoka kwa pikipiki kuelekea hospitali. Baada yake, mwanaume aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nje tangu asubuhi, kofia ikimfunika uso, ambaye nilidhani amekuja kwa ajili ya kesi nyingine, aliingia bila kuitwa. Amejitambulisha kuwa Josaphat, mwendesha mtumbwi, mkazi wa Kyavinyonge. Nilimwambia muda wa kazi umekwisha, arudi kesho. Alikataa kutoka. Alisema, "Andika ya kwangu sasa hivi, mukubwa, kabla ya woga kurudi."

Nimefungua karatasi nyingine.

(Sahihi) Kasika, OPJ